Kamera Iliyotazama Katikati

Migomba ilitoka safi kabisa, hata majani yaliyochanwa na upepo yakaonekana vizuri. Watu wawili waliosimama mbele yake ndio waliogeuka ukungu mtupu.

“Huyu mwenye shela ndiye mama?” Orpah aliuliza, kidole chake kikinusurika kugusa skrini ya kompyuta.

“Ndiye,” alijibu mjomba wake, Ogoti. “Na huyo ni baba yako. Siku ya harusi yao, pale Nyacheki.”

Tangu alfajiri moyo wa Orpah ulikuwa ukimdunda kama wa msichana, na mwenyewe alishapita arobaini. Mama yake, Nyakerario, alifariki yeye akiwa mchanga, wala hakuacha picha hata moja. Kijijini walizoea kumwambia amefanana na mama yake kama shilingi kwa ya pili, naye akaitikia tu, kwani angekubali au kukataa kwa ushahidi gani? Basi wiki iliyopita, katika kubomoa nyumba kuukuu ya mjomba, si ikazuka kamera ndani ya sanduku la bati! Betri zimeoza, filamu ingali tumboni. Orpah aliikumbatia mbiombio akaileta Kisii mjini, kwa Ochanda, mpiga picha mwenyeji wa kule ziwani ambaye bado alijua kusafisha filamu. Leo waliitwa waje kutazama.

“Kamera hii ilikuwa maajabu!” Ogoti alijigamba. “Nilitoka nayo Mombasa. Huzungushi chochote. Unabonyeza tu, inajilenga yenyewe!”

“Kujilenga ilijilenga, mzee,” Ochanda alisema, “ila ililenga ndizi.”

Ogoti alinuna. Ochanda akacheka, kisha akaeleza kwa upole. Kamera hizi za mwanzo zilijua kutazama katikati tu. Maharusi wenyewe walikuwa wameachiana nafasi ya kupitisha mbuzi, na kamera nayo ikapita papo hapo, ikaenda kushika kilichokuwa nyuma.

“Mjomba, si ungewaambia wasogeleane!”

“Mbele ya wazee wa kanisa? Wewe Orpah, wangenifukuza harusini!”

Picha ya pili ikaja. Nyakerario na mama mkwe, wote moshi, ukuta nyuma yao unang'aa. Ya tatu, Nyakerario na wifi yake, moshi tena. Orpah aliichukia ile migomba, akauchukia na ule ukuta. Bora kamera ingeozea sandukuni kuliko kumletea mama hadi mlangoni halafu kumfunika uso.

“Imebaki moja,” Ochanda alisema. “Lakini hii si ya maharusi, dada.”

Wakatokea wazee wawili wa kanisa waliojikausha ndani ya suti zao, nyuso zisizotambulika. Orpah alikuwa ameshashika mkoba wake aondoke. Ndipo akaona kitu katikati yao, kule nyuma, kwenye mlango wa jikoni.

Bibi harusi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Shela ameitupa begani, viatu amevua, mkononi ameshika hindi la kuchoma, na mashavu yamemvimba kwa kutafuna. Mtu fulani alikuwa amemchekesha, naye alikuwa akicheka mdomo umejaa. Kila kitu chake kilionekana, hata punje iliyomganda kidevuni.

“Nyakerario!” Ogoti alipaza sauti kana kwamba anamwita. “Kumbe ulikuwa huko! Watu wanakutafuta ukate keki!”

Mzee akajipangusa macho kwa mkono wa koti. Orpah alitazama paji la uso, akatazama pua, akajishika pua yake mwenyewe. Furaha ilimjaa hadi akaogopa kupumua, na alipopumua alijikuta anacheka kwa kishindo, machozi yakimtiririka.

Ochanda alingoja hadi akatulia kidogo. “Niwakate hawa wazee, abaki mama peke yake?”

“Thubutu!” Orpah alisema. “Waache hapo hapo. Wangebanana, ningemwona wapi?”

Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Nje, mji ulikuwa ndio kwanza unafungua milango. Akainama karibu na ule uso uliojaa mahindi, uso wa msichana ambaye sasa angeweza kuwa binti yake.

“Bwakire,” akamwamkia kwa lugha ya nyumbani, mara ya kwanza maishani.