Bwana Kiti Atangazwa

Mwanamume bahili akigombea udiwani, mzigo wote humwangukia mkewe. Fundi alilijua hilo tangu siku mumewe aliporudi na picha yake mwenyewe, kubwa kuliko mlango, akaamuru itundikwe sebuleni juu ya cherehani. Mtaani walimwita Bwana Kiti, maana hata kwenye harusi asiyoalikwa alikaa kiti cha mbele. Alikuwa na vyumba vya kupangisha, vilivyojengwa kwa mashati aliyoshona mkewe, na wapangaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa mbwa wake.

Mpinzani wake alikuwa Mama Mkaa, mjane aliyeuza mkaa kando ya barabara. Hana picha, hana gari, hana hata kofia ya kugawa. Bwana Kiti alimcheka mpaka chai ikampalia. Mwanamke mwenye vumbi la mkaa hadi kwenye nyusi, eti naye anataka udiwani! Yeye Bwana Kiti alimwita Mtaalamu wa kampeni, bwana mmoja wa viatu vilivyochongoka, aliyekula pale kama mwenye nyumba na kurudia jambo lile lile kila mlo: kampeni ni jina. Jina lisikike asubuhi na jioni, mpaka watu waliote.

Haya, nani wa kulitangaza? Wenye magari ya matangazo walitaka kulipwa, na Bwana Kiti kutoa hela ni kama kung'olewa jino. Akamkumbuka shemeji yake, Kipaza, kaka wa Fundi, mwenye pikipiki na spika. Alisema shemeji halipwi, shemeji anasaidia.

Fundi akaacha kushona. Akamwambia mumewe taratibu kwamba kaka yake miaka yote hutangaza misiba, na misiba peke yake. Mtaa mzima unaijua ile sauti. Ikipita tu, watu wanaulizana ni nani tena. Bwana Kiti akamjibu asimletee uchuro, kazi yake ni kushona fulana za kampeni. Sikio la kufa halisikii dawa, Fundi akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake asubuhi Kipaza akapita mtaa kwa mtaa. Maneno yalikuwa ya Mtaalamu, lakini mdomo una mazoea yake. Alianza kwa ile sauti nzito ya kuburuta: ndugu wananchi, kwa heshima kubwa mnatangaziwa. Akalitaja jina la Bwana Kiti na la baba yake, akaeleza nyumba ilipo, nyuma ya kituo cha mafuta, akawaomba watu wajitokeze kwa wingi. Habari ya kura aliiweka mwisho, na huo mwisho nani aliusubiri? Watu walikuwa wameshaingia ndani kubadili nguo.

Fundi alikuwa akipiga pasi fulana walipoanza kumiminika uani. Wakaja na turubai, wakaja na masufuria, wanaume wakapanga viti. Lakini kulia, hakuna aliyelia. Hata wa kujisingizia hakupatikana, jamani! Bwana Kiti alikuwa bafuni ananyoa ndevu, na dirisha la bafu linatazama uani. Fundi alipokwenda kumwita alimkuta amesimama na wembe mkononi, povu kidevuni, anasikiliza.

Nje mpangaji mmoja alikuwa anauliza kama sasa bomba la maji litafunguliwa, au marehemu kaondoka na ufunguo. Wenzake wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akasema afadhali kapumzika, na wao wapumzike. Mwingine akaitikia amina.

Fundi akatoka kuwaambia ukweli. Kabla hajafungua kinywa, Mama Mkaa akaingia na gunia kichwani, mkaa wa kupikia waombolezaji. Akalitua, akajifuta mikono kwenye gauni, akamkumbatia.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Umekula?"

Fundi akashikwa na kilio. Watu wakadhani anamlilia mume. Wapi! Alililia swali lile, ambalo ndani ya nyumba yake hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hapo ndipo Bwana Kiti alipotoka, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Bibi mmoja akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Kumbe yupo," akachukua sufuria lake akaondoka. Wengine wakaanza kukunja turubai.

Nyumba ikawaka moto. Kipaza alifukuzwa kwa matusi, Mtaalamu akaapa hahusiki, na lawama zote zikamshukia Fundi: ni njama zake na kaka yake. Mtaalamu naye hakukosa dawa mpya. Watu wakimkataa mwanamume, alisema, humsikiliza mkewe. Kwenye mkutano wa mwisho Fundi apande jukwaani aseme mumewe ni mtu mwema.

"Usiposema, rudi kwenu na hicho kicherehani chako," Bwana Kiti alimwambia. "Usije ukagusa kitu kingine."

Fundi alilia kwa hasira, akaacha, akalia tena. Kwao ni chumba kimoja cha Kipaza. Nyumba hii aliishonea yeye, tofali kwa tofali, na sasa aende akaiombe kwa uongo mbele ya watu? Ni maneno machache tu, alijiambia. Maneno hayaui.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Wapangaji walikuwa mbele, Mama Mkaa amesimama nyuma kabisa. Bwana Kiti alimpa mkewe kipaza sauti huku akitabasamu na kumfinya kiwiko.

"Nimeambiwa niwaambie kwamba mume wangu ni mtu mwema," Fundi alisema. "Nisiposema, nafukuzwa nyumbani. Basi, nimewaambia."

Bwana Kiti alimpokonya kipaza sauti, na uwanja mzima ukasikia kwenye spika anavyohema. Fundi akashuka ngazi, watu wakampisha mpaka barabarani, kwenye mkokoteni uliokuwa unamsubiri. Cherehani alikuwa ameshaipakia asubuhi, kabla ya kuja kumsemea mumewe.