Ritifaa ya Ng'endo

Tik. Kisha chumba chetu cha mtaa wa Lindi kikawa giza, maana mchana huo tulikuwa tumefunga mlango na pazia ili skrini ionekane vizuri, na sasa skrini nayo ilikuwa nyeusi.

"Imemeza mkimbiaji wangu tena," Ng'endo alisema. Hakulia. Mara tatu za kwanza alilia.

Mchezo wenyewe ni wa mbio. Unampa mkimbiaji jina, unamfunza siku kadhaa, kisha unamhifadhi. Hapo kwenye kuhifadhi ndipo mashine ya kuchezea hujizima, na ukiiwasha, mkimbiaji hayupo. Binti yangu ana miaka saba. Alikuwa amemwahidi Shosho wa Kawangware, mama ya baba yake, aliyempa jina lake mwenyewe, kwamba ataliona jina lao likikimbia kwenye TV.

Wanzala, fundi wa mtaa jirani wa Kisumu Ndogo, aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akacheka. "Mama Ng'endo, hii mashine ni nzima kuliko mimi. Shida ni gemu. Watu wanalia huko mtandaoni! Kampuni imewauzia kitu hakijaiva."

Sasisho la kwanza likaja, likamaliza bundles zangu zote za intaneti. Halikutibu kitu. Liliongeza nyasi nzuri tu uwanjani.

Nikasema basi, nitatafuta mwenyewe. Kwenye masomo ya jioni, mwalimu Naftaly alitufunza: badilisha kitu kimoja tu, halafu uangalie. Nikaandika Kaluki. Ikahifadhi. Valentine. Ikahifadhi. Ngendo. Ikahifadhi. Ng'endo. Tik. Nikajaribu hata Ng'ombe. Tik.

"Ritifaa!" nikapiga kelele.

"Riti-nini?" Chege, mume wangu, aliuliza, tonge mkononi.

"Hiki kialama cha juu, kwa ng'. Ndicho kinachoikwama kooni."

"Si ukitoe, mtoto acheze."

"Kwani siku hizi mamako anaitwa Ngendo?"

Akatafuna ugali wake.

Nikaiandikia kampuni, nikaambatisha video niliyopiga kwa simu. Siku tisa baadaye wakajibu: tunakushauri ubadilishe jina. Nikajibu: badilisheni mchezo. Nikawaandikia kila Jumatatu kabla ya kwenda kazini, maneno yale yale, video ile ile. Wiki ya sita sasisho lingine likaja, na kwenye orodha ya marekebisho palikuwa na mstari mmoja wangu: majina yenye alama sasa yanahifadhika.

Jumamosi Ng'endo alimfunza mkimbiaji tangu chai hadi saa kumi. Akabonyeza kuhifadhi. Tukatega masikio, sote watatu.

Hakuna tik.

"Mama Ng'endo, wewe ni noma!" Chege akapiga makofi.

Mkimbiaji akatokea uwanjani, kwenye zile nyasi nzuri, jina limeandikwa kifuani: NGENDO.

Makofi yakaisha.

"Aah, si imekaribia," Chege alisema. "Wachana nayo. Hata Shosho haoni vizuri."

Nilikuwa nimechoka. Nusura nikubali. Ng'endo akasimama mbele ya TV, akalisoma jina herufi kwa herufi, kidole chake kikasimama pale palipokosa kitu. Akageuka, akanichukulia simu mezani, akaniwekea mkononi.

"Mama, waandikie tena, hilo si jina langu."