Moto wa Saa Sita

Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, nyekundu, imechomekwa kwenye kipande cha ubao kando ya cherehani. Ilipowaka, Hafsa aliondoa mguu kwenye kanyagio, akaiacha sindano juu ya kitambaa cha watu, akasema taratibu kama anayeitikia hodi, "Mama kawasha moto."

Kisha akaendelea kushona. Ndivyo ilivyokuwa kila siku saa sita mchana. Taa iko Nguvumali, Tanga mjini. Moto uko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, katika jiko la makuti la Bi Mboni, mama aliyemzaa. Katikati kuna gari la abiria, kuna pantoni, na kuna kusubiri kwingi kuliko safari yenyewe. Lakini punje ile ikiwaka, Hafsa alijua mama yake kaamka salama, kaokota vifuu vyake vya nazi, kainama akapuliza, na roho yake ikatulia.

Aliitengeneza mwenyewe. Watu walicheka, maana fundi wa magauni na kompyuta wapi na wapi? Binamu yake Mudathir, fundi simu, ndiye aliyemwonyesha siku moja kompyuta nzima iliyokaa juu ya ubao mmoja mdogo kuliko kiberiti, naye akashikwa asibanduke. Wenzake wakienda mjini kutafuta vitenge, yeye anatafuta nyaya. Mumewe Uweso, dereva wa lori na mtu wa maneno, kila akirudi safari aliuliza kabla hajavua viatu, "Huyo mtoto wako wa nyaya kala?"

Alipotaka kufunga kompyuta hiyo jikoni kwa mama yake, Mudathir alimshauri achukue ubao mkubwa, wenye kamera. "Utamwona shangazi mzima mzima," alimwambia, "hata kikohozi chake utakisikia." Hafsa alikataa. Ule mkubwa ulikula sana umeme, na kipande cha sola juu ya makuti ya Bweni hupigwa na kivuli cha minazi nusu ya siku. Wingu likitanda tu, ungekata roho. Huu mdogo haukuwa na tamaa. Ulilala, ukazinduka, ukapapasa joto la mafiga, ukatuma habari kwa laini ya simu, ukalala tena. Hiyo ndiyo sababu aliyompa Mudathir. Sababu nyingine alikaa nayo moyoni: mama yake akiwa jikoni kanga humponyoka kichwani, huimba ovyo na kuzigombeza sufuria. Nani kampa mtu ruhusa ya kumchungulia? Yeye alitaka kujua jambo moja tu, moto umewaka au haukuwaka.

Tusidanganyane, taa ile ilimfaa Hafsa kuliko ilivyomfaa mama yake. Zamani mwezi haukuisha hajafika Bweni, na unga wake kwapani na mafuta ya kujichua miguu. Taa ilipokuja, safari zikaanza kupungua. Mara harusi ya watu wa Chumbageni, mara sare za shule, na taa inawaka, basi aende kufanya nini? Alimkumbuka sana mama yake, lakini punje ikiwaka alisema alhamdulillahi, akakanyaga cherehani.

Ndipo Ramadhani ikaingia, na taa ikawaka saa sita mchana.

Siku ya kwanza alidhani ni hitilafu. Akafungua, akagusa nyaya, akafunga. Siku ya pili ikawaka tena, na ya tatu, saa ile ile. Nani huwasha jiko saa sita mchana mwezi wa Ramadhani? Futari huanza kupikwa jua likishainama. Bi Mboni hakuwa mtu wa kula mchana wa Ramadhani. Hata homa ikimpanda, ilibidi agombezwe ndipo afungue. Kama sasa anapika mchana, basi anaumwa, na kama anaumwa, anamficha mwanawe. Hafsa alimpigia Nasra, jirani, mwenye simu waliyokuwa wakizungumzia. Nasra akajibu, "Mama hajambo, anakusalimu sana," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa cha kusema.

"Na nguo za watu za Idi?" Uweso aliuliza alipomwona anafunga mkoba.

"Zitanisubiri."

Alifika Bweni adhuhuri imeadhiniwa, akapitia uani. Mama yake alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi kama anayekuna nazi, lakini nazi hakuna. Mbele yake vifuu vinawaka vizuri katikati ya mafiga matatu. Juu ya mafiga hapakuwa na kitu. Sufuria zilitundikwa ukutani, na vumbi limezikalia.

"Shikamoo, mama."

Bi Mboni hakushtuka. "Marahaba, mwanangu. Umefunga?"

"Nimefunga. Na wewe?"

"Nimefunga."

"Na moto huu?"

"Niliyefunga mimi. Moto haukufunga."

Hafsa aliketi chini pale pale, baibui na vumbi. "Unapika nini, mama?"

"Sipiki." Bi Mboni aliinua mkono wake wa kulia, akajaribu kuukunja, vidole vikagoma nusu ya njia. "Tangu masika huu haushiki sufuria. Nasra ananiletea chakula, na sasa ananiletea futari. Mungu amlipe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie uje na lori la mumeo unihamishe?"

Ilikuwa kweli. Chumba kilikuwa tayari kule Nguvumali. Hata mapazia alikwisha kuyashona, ya maua ya buluu, yamekunjwa kabatini yanangoja siku mama atakaposhindwa.

"Kwa hiyo unawasha nidhani unapika."

"Mwanzo ndiyo, nilikuwa nakudanganya." Alisukuma kifuu kimoja kwa mguu. "Halafu nikazoea. Uliniambia kila ukiona taa unanikumbuka. Basi ikifika saa sita nakaa hapa, nawasha, nasema, sasa Hafsa ananikumbuka. Nakupa habari za huku, nani kaolewa, nani kafa. Ramadhani ilipoingia nikajiuliza, mwezi mzima mwanangu asinikumbuke?"

Kuku wa Nasra aliingia, akafukua majivu, akatoka.

"Ulikuwa unakuja, Hafsa," Bi Mboni alisema, wala hakusema kwa ukali. "Ukaleta hicho kidude, ukaacha kuja."

Hafsa alilia, wala hakusingizia moshi. Alilia kwa aibu, na kwa hamu ya mtu aliyekaa mbele yake, ambaye miezi yote hii alimtazama kwenye punje ya taa na kudhani amemwona. Alipotulia aliangalia kule juu ya boriti, alikokifunga kisanduku chenye ubao wake. "Nikiondoe?"

"Ukiondoe ili iweje? Unikumbuke kwa kitu gani?" Bi Mboni alijitanda kanga vizuri. "Wewe una taa yako. Mimi natazama majivu. Nitajuaje kama na wewe umewasha?"

Walifuturu pamoja kwa muhogo wa nazi wa Nasra, na Hafsa akalala huko.

Idi ilipopita, alikaa tena mezani na nyaya zake. Mudathir alileta tena hadithi ya kamera, akaishia kunywa chai. Hafsa alichukua ubao ule ule mdogo usio na tamaa. Tatizo lilikuwa jiko. Kwake walipikia gesi, na gesi huwashwa ikazimwa kabla hata mtu hajaketi. Hakutaka mama yake apate habari ya kupepesa hivyo. Akalitoa stoo jiko la mkaa alilopewa siku ya harusi yake, akalipangusa, akaliweka kibarazani, akaufunga waya wa kupimia joto ubavuni mwake. Mfungo Mosi, mwezi ule wa Idi, haujaisha, akavuka tena pantoni na taa ya mama yake mkobani. Ndani ya mkoba yalikuwamo na mapazia ya maua ya buluu.

Taa aliichomeka ukutani mahali ambapo Bi Mboni angeiona akiwa kitandani. Mapazia aliyatundika kwenye dirisha la chumba chake. Bi Mboni alikuja akaushika upindo, akaupima kwa vidole vyake vizima. Dirisha lilikuwa fupi, pazia refu, limekatwa kwa dirisha la nyumba nyingine.

"Umeyashona lini haya?"

"Zamani kidogo."

Bi Mboni alimtazama, akaliachia pazia. "Nitayapunguza," alisema.

Saa sita ilifika ikapita, mafiga yakiwa baridi. Nasra alipoleta wali alichungulia jikoni akashangaa. "Leo bibi hukuwasha?"

"Wa kuwashiwa si huyu hapa?" Bi Mboni alijibu, akanawa mkono.

Alasiri Hafsa aliaga. Mama yake alimsindikiza mpaka uani tu, akasema miguu inamtosha hapo. Juu ya pantoni Hafsa aligeuka kutazama ile ng'ambo aliyoiacha, akageuka tena, mpaka abiria mmoja akamuuliza kama kasahau kitu.

Alifika Nguvumali Maghribi inaadhiniwa. Ndani kulikuwa na giza, Uweso anahangaika na swichi, na kando ya cherehani punje nyekundu ilikuwa inawaka.

Saa sita ilikuwa imepita kitambo. Moto ule haukuwa wa chakula cha mchana wala cha usiku, na usiku Nasra ndiye hupika. Mama yake alikuwa ameketi juu ya mbuzi peke yake, amewasha, anamweleza jambo aliyetoka kwake punde hii.

Hafsa hakuvua hata baibui. Alitoka kibarazani, akamwaga mkaa jikoni, akachukua pepeo.

"Tunakula nini?" Uweso aliuliza kutoka ndani.

"Gesi hiyo hapo, pasha viporo," Hafsa alisema. "Mimi sipiki."

Akapepea, jiko tupu mbele yake, mpaka mkaa ukashika.

"Nimefika salama, mama," akasema.