Pedali ya Tatu

Kalekye aliporudi nyumbani kutoka kongamano la akina mama wa kanisa kule mjini Wote, alikuta gari limeoshwa. Hilo lilimshangaza kidogo, kwa sababu mumewe Mulinge hakuwa mtu wa kuosha gari. Aliweka mkoba wake kwenye ngazi, akafungua mlango wa dereva ili atoe mwavuli aliouacha chini ya kiti, na hapo ndipo alipoziona pedali tatu.

Aliinama akatazama tena. Ya mafuta, ya breki, na nyingine upande wa kushoto, ambayo haikuwepo alipoondoka. Katikati ya viti, mahali pa ule mkono aliokuwa akiurudisha nyuma mara moja tu na gari likaenda, palikuwa na fimbo ya gia yenye kichwa cha mviringo kilichochorwa namba.

"Baba Mbula!" aliita. "Hii gari imefanywa nini?"

Mulinge alitoka nyumbani na kikombe cha chai mkononi. Kwa kawaida yeye alikuwa Kitui, alikosimamia ghala la nafaka, na alikuja nyumbani, nje kidogo ya Kikima, wikendi tu. Wiki hiyo alikuwa amechukua likizo.

"Karibu kwanza, Mama Mbula. Giaboksi ilikufa. Nilikuwa napanda huu mlima wetu, ikaanza kuteleza, injini inalia na gari haiendi. Ikabidi nivutwe mpaka kwa Kisilu. Ameifungua akaona imekwisha kabisa."

"Na hukunipigia simu?"

"Ungefanya nini, na wewe uko kwa maombi? Kisilu akasema auto haiwezi milima kama hii. Akaniwekea manual. Sasa hii ni gari ya maisha."

Kama angalisema ni fundi mwingine, Kalekye angaliuliza maswali zaidi. Lakini Kisilu alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki, Kisilu alikuwa hajaota meno ya mbele, na Kalekye ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia karakana ya kujifunzia ufundi. Mpaka leo, akiwa mtu mzima mwenye gereji yake Mbumbuni, Kisilu hakumwita kwa jina. Alimwita Mwaitu, vile Wakamba wamwitavyo mama mzazi.

Alimpigia simu jioni hiyo.

"Mwaitu, pole," Kisilu alisema. "Ilikuwa imekwisha. Mafuta yenyewe yalitoka meusi kama masizi."

"Haingetengenezwa?"

"Haingetengenezwa, Mwaitu."

Basi akaamini, akamshukuru hata kwa kazi nzuri.

Shida ilikuwa moja. Kalekye hakujua kuendesha gari la manual. Alijifunza udereva akiwa mtu mzima, watoto wameshakwenda shule za bweni, na leseni yake yenyewe ilikuwa ya magari ya auto peke yake. Gari lenyewe, aina ya Fielder, walilinunua kwa sababu ya maparachichi yake. Ndiye aliyeyapeleka Kikima kwa wanunuzi, akachukua na ya majirani. Ndiye aliyempeleka Muthoki wa ng'ambo ya mto hospitalini uchungu ulipomshika njiani, na Muthoki akajifungua salama. Wanawake wa kwaya walikuwa wakimwambia kwamba tangu apate gari, hakuna mkutano unaowashinda. Yeye alikuwa akicheka tu, lakini akishika usukani peke yake asubuhi, bonde la Mbooni limejaa ukungu chini yake, alijisikia mtu.

Mulinge alijaribu kumfundisha mara moja. Walikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi mchana, watu wakipita.

"Achilia klachi polepole," alisema. "Polepole! Nimesema polepole!"

Gari liliruka kama mbuzi, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Alipofanikiwa kuliondoa, Mulinge alimwelekeza kwenye mteremko wa nyuma ya uwanja na kumwambia asimame, kisha aanze kupanda. Gari lilirudi nyuma likielekea mtaroni. Kalekye alipiga kelele, akakanyaga klachi na mafuta pamoja, na Mulinge akavuta breki ya mkono.

"Shuka," alisema. "Nilijua. Hii si kazi yako."

Alishuka. Kando ya barabara wanaume wawili waliokuwa wameketi juu ya pikipiki walicheka, na Mulinge akawapungia mkono huku naye akicheka. Kalekye aliona mumewe hakuonekana kama mtu aliyekaribia kuanguka mtaroni. Alionekana mtu aliyestarehe.

Tangu siku hiyo, gari lilikaa nyumbani wiki nzima likiwa limefunikwa turubai. Mulinge akija Ijumaa alilifunua, akaenda nalo kanisani na mazishini, Jumapili jioni akalifunika tena na kupanda basi la Kitui. Maparachichi yalianza kwenda sokoni kwa pikipiki, nusu yake yakifika yamepondeka. Wanawake wa kwaya waliacha kuuliza kama atawapeleka mikutanoni.

Mvua fupi zilipokaribia, Kalekye alikwenda Kasikeu kununua kitambaa cha sare za kwaya. Alikuwa na duka lake analolipenda huko, la mama mmoja aitwaye Ruqiya, ambaye yeye na mumewe Shire walihamia kutoka Garissa miaka mingi iliyopita. Ruqiya alipima kitambaa, akakikunja, halafu akachukua funguo.

"Twende nikushushe barabarani, mama. Naenda huko huko."

Gari la Ruqiya lilikuwa Fielder pia, nyeupe. Lilipanda kilima cha kutoka sokoni bila kelele, likajibadilishia gia lenyewe, laini, hivi kwamba mtu asiyejua asingesikia lolote. Kalekye alisikia. Akageuza uso kuangalia nje.

"Gari yako inaenda vizuri," alisema.

"Ni yako hiyo!" Ruqiya alicheka. "Mume wangu aliitafuta giaboksi mpaka Nairobi, zote mbovu. Halafu ndugu yako wa Mbumbuni akatupigia. Mashallah, mama, hii kitu haijawahi kutusumbua hata siku moja. Shire anasema iko kama mpya."

"Giaboksi gani?"

"Ile uliyotoa kwa gari yako. Kisilu alituambia dada yake amechoka na auto, anataka manual ya kubebea mizigo. Nikasema huyo dada ni mwanamke shujaa." Ruqiya alimtazama, akapunguza mwendo. "Si ni wewe ulitaka?"

Kalekye alikodolea macho mkono wa gia. Mwishowe alisema, "Nishushe hapa tu, dada yangu. Nimekumbuka kitu Mbumbuni."

Kisilu alikuwa amelala chini ya lori dogo, miguu tu ikionekana. Aliposikia sauti ya dada yake alijivuta akatoka, akitabasamu, mikono imejaa grisi.

"Mwaitu! Mbona hukuniambia unakuja? Ngoja nikuletee kiti."

"Sitaki kiti. Giaboksi yangu ilikuwa na ugonjwa gani?"

Tabasamu lilibaki usoni mwake kidogo, kama taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana, kisha likazimika. Akachukua kitambaa, akaanza kujifuta kidole kimoja kimoja.

"Nimetoka kwa Ruqiya," Kalekye alisema. "Nimebebwa nayo. Kwa hivyo usiniambie juu ya masizi. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Haikuwa na ugonjwa."

"Sema tena."

"Haikuwa na ugonjwa, Mwaitu. Shemeji ndiye alikuja. Alikaa hapo kwenye hilo gurudumu, akaongea mpaka nikamhurumia. Alisema tangu ile siku ya kupeleka mbuzi za ntheo, zile za kumposa msichana, kwa kina Wavinya, wewe ukiendesha na yeye amekaa kushoto, wanaume wanamwita bibi arusi. Hata huko Kitui kuna mtu alimfuata na hiyo stori. Akasema akiendelea hivyo atakuacha, atafute nyumba huko huko. Nikaona nikikubali nitakuokolea ndoa."

"Kwa hivyo mkakaa wanaume wawili mkaamua vile nitaishi."

"Niliogopa uachwe."

"Ungeniambia! Nichague gari au nimchague yeye, hiyo ingekuwa kazi yangu. Lakini uliniambia pole. Nilikupigia, nikakuuliza kama itatengenezwa, ukaniambia pole, na giaboksi yangu umeiweka hapo pembeni unangojea mnunuzi."

"Shemeji aliniambia niichukue, iwe malipo ya kazi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwaitu, tafadhali."

"Usiniite hivyo," Kalekye alisema. "Mimi naitwa Kalekye."

Kisilu alianza kulia. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila kuficha uso, na Kalekye, ambaye alikuwa amemfuta machozi hayo maisha yake yote, alishangaa kuona mikono yake mwenyewe haisogei. Aligeuka akaenda. Alipofika barabarani ndipo alipogundua kwamba kitambaa cha sare alikisahau ndani ya gari la Ruqiya.

Mulinge alifika Ijumaa kama kawaida. Kalekye alimpa chakula, akangoja amalize. Alikuwa amepanga maneno mengi wiki nzima, akiyasema kwa sauti shambani, lakini wakati ulipofika alisema machache.

"Nimeongea na Kisilu. Ameniambia yote."

Mulinge hakukana. Alisukuma sahani mbele, akaangalia mlango.

"Ungenyang'anya funguo tu," Kalekye alisema. "Kwa nini hukunyang'anya funguo?"

"Ningechukua funguo, ungeenda kwa pasta, ungesema mimi ni mtu mbaya. Giaboksi ikiharibika, hakuna mtu mbaya."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza jinsi alivyopanga magunia ghalani, na ni hapo Kalekye alipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Halikuwa la hasira ya siku moja. Mume wake alikuwa amelifikiria, akalipangia wiki ambayo yeye angekuwa kwenye maombi, akatafuta mtu pekee ambaye neno lake lisingetiliwa shaka.

"Siku ile uwanjani," alisema, "ulinipeleka kwa ule mteremko makusudi?"

"Mimi nilikuwa nakuja nyumbani kama mgeni," alisema Mulinge. "Unaniambia leo tunaenda huku, kesho kule. Ulikuwa umeacha kuniuliza kitu."

"Nimekuuliza sasa."

Mulinge alinyanyuka akaenda kufungia ng'ombe.

Kalekye hakwenda kwa pasta, wala hakurudi kwao. Kwao alibaki Kisilu tu. Jumatatu iliyofuata alikwenda kwenye shule ya udereva iliyo juu ya duka la dawa ya mifugo pale Kikima, akajiandikisha upya kwa gari la manual. Wenzake darasani walikuwa vijana waliotoka sekondari juzi, wakamwita shosho, yaani nyanya, kwa mzaha, kisha kwa heshima. Mwalimu alikuwa mtu wa kutafuna njugu ambaye hakupandisha sauti hata gari lilipozima katikati ya soko siku ya soko, honi zikimlilia kila upande. "Washa tena, mama," alisema tu. "Wanapiga honi, hawapigi mawe." Akawasha tena. Alishindwa mtihani wa kwanza kwa kuanza kupanda mlima vibaya, akafaulu wa pili.

Mulinge alijua, kwa maana Kikima hakuna siri. Siku Kalekye alipolivua gari lile turubai mwenyewe, panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha nyuma.

Akarudi kubeba maparachichi. Miguu ilizoea, mkono ukazoea, hata akafika mahali akawa anabadilisha gia huku akiimba. Lakini gari lilipoanza kutoa mlio kwenye magurudumu ya mbele, hakulipeleka Mbumbuni. Alilipeleka mbali kabisa, kwa fundi asiyemjua, akasimama juu yake mpaka akamaliza, akitaka aonyeshwe kila kilichotolewa. Fundi alikasirika, akamwuliza kama anamdhania mwizi. Kalekye alimwomba radhi. Alikuwa hajawahi kuwa mtu wa namna hiyo.

Ijumaa moja mvua ilimkuta pale stendi ya Kikima akipakia masanduku matupu. Basi la Kitui lilikuwa limefika, na Mulinge alikuwa amesimama chini ya bati la kibanda, begi kichwani. Waliangaliana. Alikuja mbio, akafungua mlango wa kushoto, akaketi, maji yakimtiririka. Kibandani kulikuwa na wanaume, nao walitazama. Kalekye aliona mumewe amewaona, na alikaa tu.

Waliteremka taratibu kwa gia ya pili, matope yakiruka.

"Kisilu alinipigia," Mulinge alisema walipopita kanisa. "Amepata giaboksi ya auto huko Kitui, safi. Anasema ataifunga mwenyewe, hataki kitu. Anasema umwambie tu siku."

Kalekye aliifikiria. Alifikiria lile gari likipanda mlima laini, mguu wa kushoto umepumzika. Alilipenda sana hilo. Halafu akafikiria kwamba kila litakapojibadilishia gia lenyewe, angetega sikio.

"Mwambie aiuze," alisema.

"Mama Mbula, nisamehe."

"Nimekusikia."

Mulinge alingoja kama kuna neno lingine. Mbele yao kulikuwa na kona na lori la mchanga likipanda, na Kalekye alihitaji mikono na miguu yake yote. Aliligeuza gari kando, akalipisha lori, akaondoka tena kwenye matope bila kurudi nyuma.