Herufi Moja ya Zulekha

Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, Jairus, karani wa kliniki moja mjini Bungoma, alitikisa kalamu yake na kuandika jina kwenye kichupa. Ndani yake mlikuwa na kinyama kisichozidi punje ya mahindi, kilichokatwa kwenye uvimbe wa mkono wa Zulekha.

"Zurekha," alisoma.

"Zulekha," Bashir, mumewe, alimsahihisha.

"Si ndiyo hiyo nimesema, mzee? Zurekha."

Bashir alinyamaza. Walikuwa wametoka Kitale alfajiri, na nani hugombana na karani kabla ya kuhudumiwa? Mpaka leo hajajisamehe kwa ukimya ule.

Miaka mitatu waliambiwa ni jipu. Zulekha aliuza chapati karibu na msikiti, na miaka yote hiyo alisukuma chapati na jipu lisiloiva likimkulia juu ya kiwiko. Lilipasuliwa mara mbili, likarudi. Daktari Phelista wa kliniki ile peke yake ndiye aliyesema, "Hili si jipu, mama. Ni uvimbe wa nadra. Kwa macho hautambuliki, lazima tusome vinasaba vyake." Kinyama kikapelekwa Nairobi.

Majibu yalikuja baada ya wiki tisa. Phelista alifurahi waziwazi: hitilafu ya vinasaba imeonekana, na dawa yake ipo, kidonge kimoja kila Ijumaa. Ila majibu yalikuwa ya Zurekha, na kitambulisho kilisema Zulekha.

"Badilisha herufi moja tu, bana," Bashir alimwambia Jairus.

"Kompyuta haikubari, mzee. Ati mpaka mgonjwa mwenyewe akuje."

"Si huyu hapa?"

"Huyu ni Zurekha. Sisi tunataka Zurekha."

Mdomoni mwa Jairus lilikuwa jina moja; kwenye karatasi walikuwa watu wawili.

Ijumaa iliyofuata mgonjwa mwenyewe akaja. Aliingia akinuka dawa ya maabara, akasalimia, akaketi kwenye benchi. Alikuwa na uso wa Zulekha, sauti ya Zulekha, hata kovu la mafuta ya chapati kidevuni, na kitambulisho chenye R. Mkono wake haukuwa na uvimbe wowote. Jairus alimwambia amechelewa. Phelista aliandika barua kwamba dawa apewe mwenye uvimbe, akajibiwa kwamba jina halilingani. Basi akapewa Zurekha.

Dawa ilimezwa mbele ya nesi, kisha mdomo ukakaguliwa. Zurekha hakuwa mtu mbaya. Alijaribu kukificha kidonge chini ya ulimi, wakakiona, wakamsimamia mpaka kikashuka.

Hakuwa na kwao, kwa hiyo alihamia Kitale, akapewa chumba cha unga.

"Ni nyama yangu huyu," Zulekha alisema. "Nitamfukuza vipi?"

Mkono wa Zulekha ulipokataa kunyanyuka, Zurekha ndiye aliyesukuma chapati. Wateja walizisifu, ila walisema zina kaharufu. Bashir hakuzionja. Kosa la karani, adhabu kwa mgonjwa! Kila Ijumaa dawa ya mkewe ilishuka kwenye koo la mtu asiyeumwa, na kila Ijumaa Zurekha alizidi kunawiri, na nesi akaandika kwamba dawa inafanya kazi vizuri sana.

Zulekha alifia pale pale kliniki, Ijumaa moja, kabla ya adhuhuri. Bashir alisema inna lillahi, akaenda dirishani kuchukua karatasi ya mazishi.

Jairus alivaa miwani. Aliweka kitambulisho kando ya fomu, akanakili herufi moja moja, kidole kikifuata.

"Hakikisha, mzee. Hizi karatasi hazitaki makosa."

Bashir alisoma. L ilikuwa mahali pake, imenyooka, nzuri kabisa.

"Pore sana," Jairus alisema, na alimaanisha. Kisha akainua sauti kumwita mgonjwa anayefuata.

"Zurekha!"

Bashir aligeuka. Zurekha alikuwa ameshasimama, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaenda kumeza dawa yake.