Moto wa Mama Brigita

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuwashia nilipoisikia harufu. Kifuniko cha jiko kilikuwa kimefungwa, nami mchana nilikiacha wazi. Chini yake gesi ilikuwa ikifoka taratibu. Niliondoa kidole, nikafunga koki ya mtungi, nikainua kifuniko, kisha nikarudi nyuma hadi kwenye ua wa minyaa.

Nilijua ni nani.

Jiko lile la kuchomea nyama Sylvesta, mume wangu, alilinunua kwenye kambi ya watalii iliyofungwa, tukaliweka uani kwetu Ganako. Nilichoma kuku wa madereva wanaopeleka wageni kreta kuona wanyama. Biashara ilishika, ila mtungi uliisha upesi mno. Nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na viungio vyake, nione kama unavuja. Hakikutoka hata kiputo. Kisha mara mbili nikakuta koki niliyoifunga mwenyewe imefunguliwa. Basi si mpira, ni mtu. Na nikienda sokoni Karatu, nyumbani alibaki mtu mmoja tu.

Mama Brigita, mama mkwe wangu, hakunipenda. Tangu niolewe kutoka Machame aliniita "huyu Mchaga", hata nikiwa nimesimama mbele yake na kikombe chake cha chai mkononi. Siku ya kwanza nilipolizima jiko lile alinitazama kama niliyechinja mbuzi wa jirani.

Nilimwambia Sylvesta. "Mama yako anafungulia gesi. Nikimkamata, chagua: aende kwa dada yako Mbulu, au mimi nirudi kwetu."

"Eliaichi, unamshuku mama yangu kwamba anataka kukuua?"

"Sijasema kuua."

Lakini ndicho nilichokuwa nawaza, naye alijua.

Sasa nilikuwa nimemkamata. Nilimwita, akaja amejitanda shuka lake la baridi.

"Mama, nani amefungulia hapa?"

"Mimi." Hakupepesa hata jicho.

"Unataka nife?"

Alinishangaa kweli. "Wewe ndiye unaua. Kila siku unauzima, unaondoka. Moto wa nyumba hauzimwi, unafukiwa, kesho unauamsha. Nilikuwa nakufungulia kidogo tu. Nikisikia sauti yake najua bado mzima. Leo upepo ni mkali, nikaufunika."

"Nani alikwambia unitunzie moto?"

"Kwani hapa una mama mwingine?"

Hasira bado nilikuwa nayo, na papo hapo nilitaka kulia.

Kesho yake niliweka jiko la mkaa jikoni, nikamwambia huo ndio moto wa nyumba, autunze yeye. Mtungi nikaufungia ghalani, ufunguo nikauvaa shingoni, na hadi leo sijauvua. Kwanza nafungua kifuniko, nanusa, ndipo nafungulia koki na kuwasha. Sylvesta hakuuliza tena habari ya kuchagua, nami sikumkumbusha.

Jioni ile ya kwanza Mama Brigita alifukia makaa yake kwa majivu, akanyoosha mgongo.

"Na ule wa kwenye mtungi? Ulikufa?"

"Ulikufa, mama."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili yenye majivu, kama tunavyoshikana msibani.

"Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama," nikamjibu.