Kikombe cha Chumbani kwa Mama

"Kikombe! Usikiguse!"

Kaka yangu Alcide alinipigia kelele kana kwamba nimeshika nyoka, nami nilikuwa nimetia mguu mmoja tu chumbani kwa Mama, kumchukulia shali. Mpaka leo naisikia sauti ile.

Alcide alikuwa ameajiriwa kuilinda nyumba alimozaliwa. Watu wa filamu walikuja kwetu Louisiana kwa sababu jimbo lilikuwa likiwarudishia sehemu ya gharama wote waliopiga filamu hapa na kuajiri wenyeji. Waliipenda nyumba yetu. Wakakipaka chumba cha Mama rangi ya buluu, wakaishusha picha ya harusi yake, wakatundika ya bibi mmoja mwenye kofia ambaye hatukumjua. Kando ya kitanda wakaweka kikombe cha kahawa iliyonywewa nusu. Sehemu ya kwanza ilikuwa imeshapigwa, kwa hiyo watakaporudi kila kitu sharti kiwe pale pale, na vumbi lake.

Kisha wabunge wa jimbo wakaanza kubishana kama nafuu ile ya gharama ifutwe. Watu wa filamu wakafunga mizigo, wakatuambia tusubiri.

Tukasubiri jikoni. Mama alilala kwenye kitanda cha kukunja karibu na jiko, na baridi ilipoingia kifua kikazidi kumbana. "Mie nataka kitanda changu tu," alikuwa akisema. Niliichukia nyumba ile, na nje nako hakukuwa na pa kupumulia, maana mji mzima ulikuwa umepata kazi kwenye filamu. Philomène wa saluni, aliyekuwa akiwatengeneza nywele waigizaji, alinidaka mlangoni pa kanisa.

"Odile, shoga yangu, mle ndani usiue hata nzi. Huenda naye ana sehemu yake!"

Tulicheka, lakini mkono wangu hakuuachia.

Siku Mama aliposhindwa kumeza hata mchuzi, nilimkabili Alcide. "Huyu ni mama yako, au mama yako ni sinema?"

Akautoa ufunguo, akakifungua chumba. Mama alijilaza ukingoni mwa kitanda chake, viatu mkononi, kama mgeni aliyekaribishwa kwa shingo upande. Akamtazama yule bibi wa ukutani. Kisha akainuka, akalinyoosha shuka mpaka mkunjo wa mwisho.

"Nirudisheni jikoni, wanangu. Watu wana watoto wa kulisha."

Alifia jikoni, kabla ya Mardi Gras, sherehe za kuingia Kwaresima. Nafuu ilifutwa, filamu ikahamia jimbo jingine, na hakuna aliyekuja kutuambia kwamba sasa tunaweza kugusa.

Tulipotoka kumzika, Alcide alikwenda moja kwa moja chumbani, na suti yake ya msiba. Mkono wake ulisita juu ya kikombe.

"Nikitoe, Odile?"

"Kitoe."

Hakukitoa. Tulisimama pale wote wawili, tukisikiliza kama kuna mtu atakayetukemea.